Kisa cha ukuta wa bendera: shule moja Dar ilivyochora historia ya bendera yetu kwa mstari mmoja, ikabidi ifutwe

Kwanza nieleze

Kisa hiki kimetokea kweli kwenye sekondari moja hapa Dar, upande wa Temeke, ule mwaka Muungano unatimiza miaka 60, yaani 2024. Shule siitaji, majina nimeyatoa, na vitu vidogo vinavyoweza kumtambulisha mtu nimevibadilisha. Wahusika nitawaita hivi: Madam ndo mkuu wa shule, Ticha ni mwalimu wa historia, Fundi ni mchoraji wa ukutani, alafu kuna Mzee, mjumbe wa kamati ya wazazi, mzaliwa wa Unguja ila amekaa Dar tangu ujana. Mimi niliitwa kuandika yale maelezo ya chini ya michoro kwa hiyo vikao vingi nilikuwepo.

Nakiandika kwa ajili ya walimu na watu wa dizaini, mana kila Aprili na kila Desemba watu wanachora na kuprinti bendera na makosa ni yaleyale kila mwaka.

Mazingira

Shule ina fensi ndefu ya matofali inayotazama barabara, na katikati kuna geti. Madam alitaka mpaka tarehe 26 Aprili fensi iwe na "historia ya bendera yetu toka ukoloni hadi leo", pamoja na bendera za kitambaa za kutundika getini siku yenyewe. Bajeti ilikuwa ya kubana: rangi za mafuta, hela ya Fundi, na hela ya kushonesha Kariakoo. Basi.

Ticha akapewa kazi ya kutoa orodha. Akafuata mpangilio ambao wengi wetu tumekaririshwa darasani: Mjerumani, Mwingereza, Uhuru, Muungano. Bendera nne, kushoto kwenda kulia, na mshale kati ya moja na nyingine. Ya Mjerumani ni ile nyeusi, nyeupe na nyekundu. Ya Mwingereza ni nyekundu yenye Union Jack, yaani bendera ya Uingereza, kwenye kona ya juu na kichwa cha twiga (ndio, twiga, watoto wengi hawajui kama Tanganyika ilishawahi kuwa na twiga kwenye bendera). Ya tatu ni ya Tanganyika ya tarehe 9 Desemba 1961, kijani juu, nyeusi katikati, kijani chini, na mistari myembamba ya njano inayotenganisha. Ya nne hii tuliyonayo.

Kwenye karatasi ilipendeza. Fundi akapiga penseli ukuta mzima na akaanza kupaka ile ya Mjerumani.

Mambo yalivyoenda

Mzee alipita siku hiyo kwa ishu nyingine kabisa, ada ya mjukuu. Akasimama mbele ya ukuta, Ticha akamuamkia, "Shikamoo mzee," "Marahaba mwanangu," wakapiga stori kidogo, alafu akanyoosha kidole kwenye ile ya nne.

"Hii bluu imetoka wapi?"

"Maji, mzee. Bahari, maziwa na mito."

"Maana yake naijua. Nauliza imetoka wapi."

Ticha akaanza kueleza Muungano, Mzee akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema kwenye ukuta huu Zanzibar haipo, tunaiona inatokea tu mwishoni kama mgeni aliyekuja na rangi moja mfukoni. "Na Mjerumani hakututawala Unguja sie. Mnaanza na Mjerumani, watoto wetu watadhani na sie tulikuwa chini yake."

Na hapo alikuwa sahihi kabisa. Zanzibar iliwekwa chini ya ulinzi wa Mwingereza mwaka 1890, Mjerumani alikuwa huku bara, na kule bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea miaka yote hiyo. Ukichora mstari mmoja unaoanza na Mjerumani na kuishia na bendera ya Tanzania, umechora historia ya Tanganyika alafu umeipa jina la Tanzania.

Kikao kikaitwa. Kabla hakijakaa, Fundi kwa bidii zake alikuwa ameongeza picha mbili za kupendezesha. Moja Mlima Kilimanjaro na askari kileleni, akimaanisha Luteni Alexander Nyirenda aliyepandisha bendera na Mwenge siku ya Uhuru 1961. Nyingine Mwalimu Nyerere akichanganya udongo Aprili 1964. Zote mbili nzuri, mkono wa Fundi hauna shida, ila kwenye zote mbili alikuwa amechora bendera hii ya leo! Kileleni Nyirenda alipeleka ya Tanganyika, haina bluu hata chembe. Na bendera ya Muungano tuliyonayo ilianza rasmi tarehe 30 Juni 1964, Muungano wenyewe ni Aprili 26, yaani kuna miezi miwili na zaidi hapo katikati ambayo nchi ipo ila bendera hii bado. Hilo kosa la Nyirenda nimeshaliona kwenye kalenda, kwenye vitenge, mpaka kwenye fulana za mbio, kwa hiyo simlaumu Fundi sana.

Maamuzi, na kwanini

*Mistari miwili badala ya mmoja.* Wazo lilikuwa la Ticha mwenyewe baada ya kutafakari usiku kucha, akaja asubuhi anasema ni kama mito ya Kilombero na Luwegu, kila mmoja unakuja na maji yake mpaka vinakutana ndo unapata Rufiji, huwezi kumchorea mtu Kilombero peke yake ukamwambia huu ndo Rufiji toka mwanzo. Kwa hiyo mstari wa juu ukawa wa bara, mstari wa chini wa visiwani, na vyote vinakutana getini kwenye bendera kubwa ya Muungano. Madam alisita kwa sababu ya rangi zilizokwisha kupakwa, ila Fundi akasema penseli inafutika na ya Mjerumani inabaki palepale juu, kinachoongezeka ni kazi ya chini. Wakakubaliana nyongeza kidogo kwenye malipo.

*Bendera ya Desemba 1963.* Hapa ndo palikuwa pagumu kuliko pote. Zanzibar ilipata uhuru kwa Mwingereza tarehe 10 Desemba 1963 ikiwa chini ya Sultani Jamshid, na bendera ilikuwa nyekundu yenye duara la kijani katikati na ndani yake karafuu mbili za njano. Mapinduzi yakaja 12 Januari 1964. Haikumaliza hata siku arobaini. Madam alitaka iondolewe, hoja yake ni kwamba mtu atapita barabarani, atapiga picha, ataweka kwenye mitandao kwamba shule inatukuza usultani, na yeye ndo atakayeitwa kujieleza. Ni hofu ya kweli, tusijifanye hatuijui. Ticha akasema ukiiruka hiyo, watoto watakuuliza Mapinduzi yalipindua nini.

Watu walidhani Mzee ndo ataing'ang'ania, kumbe hata yeye hakuwa na haraka nayo. Alisema alikuwa mtoto mdogo, anakumbuka watu wa mtaa mmoja wakiisherehekea na wa mtaa wa pili wakifunga madirisha, kwa hiyo msiandike neno la kuisifu wala la kuitukana, andikeni tarehe. Ndo ikaamuliwa hivyo. Chini ya kila bendera ukutani, siyo hiyo tu, tukaandika jina la nchi na tarehe ya kuanza na kuisha. Hakuna "ya kikoloni", hakuna "tukufu", hakuna chochote. Kwangu mimi mwandishi ilikuwa kazi ya dakika chache baada ya mabishano ya masaa.

*Bendera za Mapinduzi.* Baada ya Januari 12 Zanzibar ilipeperusha kwa wiki chache bendera yenye nyeusi, njano na bluu, alafu mwisho wa Januari ikaja ile ya bluu juu, nyeusi katikati, kijani chini, na kijimstari cheupe upande wa mlingoti. Ile ya wiki chache haikuchorwa kwa sababu ya nafasi. Ya pili ikachorwa kubwa, kwa sababu ndo jibu la swali la Mzee: bluu ya bendera yetu imetoka hapa. Na hapa imetoka kwenye rangi za ASP, chama cha Zanzibar, kama vile kijani na nyeusi ya Tanganyika ilivyotoka kwenye bendera ya TANU, chama cha bara, ya kwao ilikuwa kijani, nyeusi, kijani, serikali ilipofika 1961 ikaongezwa ile mistari ya njano. Ticha akamuomba Fundi aweke mabendera madogo ya vyama pembeni. Madam akakataa kabisa, ukutani kwa shule hakuna chama, hata kile kilichokwishavunjwa. Nadhani alikuwa sahihi kwa usalama wake ila kielimu tulipoteza kitu, nitarudi hapo.

*Njano au dhahabu.* Madam alitaka rangi ya dhahabu yenyewe, ile inayong'aa, kwa kuwa inawakilisha madini. Fundi akajaribu kipande. Kwa mbali na vumbi la barabarani ikaonekana kama udongo. Ikarudi njano.

*Upande wa bendera.* Geti lina nguzo mbili. Fundi akachora bendera ya Muungano nguzo ya kushoto, na ya kulia akaigeuza ili zitazamane, kama watu wanavyochora simba wawili getini. Matokeo yake ile ya kulia mkanda mweusi ukawa unashuka toka kushoto juu kwenda kulia chini. Ticha akasema umekosea, Fundi akajibu mbona ukisimama nyuma ya bendera iliyopandishwa unaiona hivihivi? Na kiukweli alikuwa na hoja, mana bendera ina pande mbili, ukiwa upande wa pili mlingoti unakuwa kulia na kila kitu kinageuka. Ikabidi watu watulie wafikirie. Uamuzi: ukutani hakuna mlingoti unaoonekana, mtu atasoma bendera kama mlingoti uko kushoto kwake, kwa hiyo zote mbili zichorwe kwa upande wa mbele, kijani kushoto juu, bluu kulia chini, mkanda mweusi unapanda toka kona ya chini ya mlingoti. Hazitatazamana, sawa tu.

Na bendera za kitambaa zikaleta yake. Zilitoka Kariakoo siku moja kabla ya sherehe, zimeshonwa vizuri, ila kwenye tatu kati yake pindo la kupitishia kamba lilikuwa upande usio wake. Ukiipandisha hivyo kwa kuigeuza, kinachotokea ni hiki: mkanda mweusi unakaa vilevile kabisa, unapanda vilevile, ila bluu ndo iko juu na kijani chini. Hii bendera yetu ukiizungusha kichwa chini miguu juu, mkanda haubadiliki, ndo mana watu wazima wanaweza kupita chini yake siku nzima bila kuona kitu. Aliyegundua ni mtoto wa skauti wa fom tuu, saa kumi na mbili asubuhi, Madam akiwa ameshavaa kitenge cha sherehe. Tatu zikatolewa, zikapandishwa zilizobaki.

Matokeo

Ukuta ulimalizika. Siku ya Muungano wazazi walisimama pale muda mrefu kuliko walivyosimama kwenye ngonjera, na niliyemsikia mara nyingi zaidi akieleza alikuwa Mzee, amezungukwa na vijana, anawaonyesha bluu inavyotoka mstari wa chini na kuingia getini. Hakuna aliyepiga picha ya karafuu mbili na kuleta balaa, au kama alipiga haikufika kwa Madam. Mzazi mmoja alilalamika kwanini 1963 ipo, mwingine akalalamika kwanini imeandikwa kavu hivyo bila heshima. Wote wawili walionyeshwa kwamba hata ya 1961 imeandikwa hivyohivyo.

Shida ilijitokeza baadae. Zanzibar ina bendera yake tangu Januari 2005, ya bluu, nyeusi na kijani na bendera ndogo ya Muungano kwenye kona ya juu upande wa mlingoti. Katika hesabu za ukuta hiyo ilisahaulika mpaka mwisho, Fundi akaibana baada ya geti, kulia kabisa, na kwa mazoea akaiwekea mshale unaotoka kwenye bendera ya Muungano. Ticha alipotoa jaribio la darasani, swali moja likiwa bendera ya 2005 ilichukua nafasi ya bendera gani, wanafunzi wengi waliandika ya Tanzania. Ukuta ndo uliwafundisha hivyo! Wamesoma mshale kama ulivyochorwa.

Ikabidi mshale ufutwe na bendera ile ishushwe chini, ikae kama tawi la mstari wa visiwani, na maelezo yaongezewe neno kwamba zote mbili zinapepea hadi leo, ile kwa Zanzibar na hii kwa Jamhuri yote.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi, kwa maoni yangu, ni kwamba swali lilihama. Mwanzo ukuta ulikuwa unajibu "ilifuata ipi", baada ya Mzee ukawa unajibu "hii imerithi nini kwa ile". Bendera za kwetu huku zimebadilika kwa kurithi mara nyingi sana. Kenya mwaka 1963 walichukua nyeusi, nyekundu na kijani za chama cha KANU, wakaongeza nyeupe na ngao na mikuki. Uganda ni mfano mtamu zaidi: kabla ya uhuru kulikuwa na bendera iliyopendekezwa wakati chama cha DP kiko madarakani, kijani na bluu na korongo katikati, chama pinzani cha UPC kiliposhinda uchaguzi wa 1962 bendera ikaja na nyeusi, njano na nyekundu za kwao, korongo akabaki. Ukimwonyesha mwanafunzi hivi vitu viwili hahitaji kukariri, anaangalia nani kashinda na anakisia rangi. Ndo mana nasema kukataa mabendera madogo ya TANU na ASP kulitugharimu, mana bila hivyo mtoto anabaki na yale majibu ya mitihani, kijani ni mimea, nyeusi ni watu, bluu ni maji, njano ni madini, ambayo ni kweli ila yanaeleza rangi zinasimama badala ya nini, hayaelezi zilifikaje hapo.

Mkanda wa mshazari nao ungestahili mjadala ambao hatukuufanya. Bendera zote mbili zilizoungana zilikuwa za mistari iliyolala. Ukilaza rangi nne, lazima moja ikae juu na nyingine chini, na mtu ataanza kuuliza ya nani iko juu. Kwa mshazari kijani imeshika mlingoti na bluu imeshika upande unaopepea, nyeusi iliyokuwa kwenye bendera zote mbili inapita katikati. Huo ni usomaji wangu, lakini kwa darasa ungefungua midomo kuliko orodha ya tarehe.

Kilichofeli kikubwa ni mishale. Mshale ukutani una maana moja tu kwa mtoto, kwamba hiki kimeondoka kimekuja hiki. Mabadiliko mengine siyo hivyo. Muungano 1964 ni kuunganisha, 2005 ni kuongeza ya pili bila kuondoa ya kwanza, na kuna nchi zilizokwenda zikarudi, kama Malawi, walibadilisha 2010, jua lililokuwa linachomoza likawa jua zima jeupe, 2012 wakairudisha ile ya zamani. Ungechora Malawi kwa mishale ya kwenda mbele tu ungeshindwa. Rwanda 2001 ni aina nyingine tena, waliacha kabisa nyekundu, njano na kijani yenye herufi R, wakachukua bluu, njano na kijani yenye jua, kwa makusudi ya kuachana na yaliyopita. Ticha angeanza kwa kuuliza haya ni mabadiliko ya aina gani kabla hajapanga nani akae wapi, ile ya 2005 isingebanwa.

Kufeli kwa pili ni mpangilio wa kazi. Fundi alipewa picha za kutoka kwenye simu, hakupewa maelezo. Mtu wa rangi anafikiria ulinganifu na uzuri, na kwa vigezo hivyo nguzo mbili zinazotazamana ni kazi nzuri. Hata fundi wa Kariakoo hakuambiwa pindo liwe upande wa kijani, aliletewa picha akaambiwa shona. Sa hivi shule ina karatasi moja yenye bendera imechorwa na mlingoti wake na maandishi "pindo hapa", inatoka na kila oda.

Kuhusu maandishi makavu ya tarehe, sina uhakika kama ni ushindi au ni kukwepa. Yamelinda amani ukutani. Lakini Ticha analalamika kwamba darasani lazima ayavunje, mana tarehe 10 Desemba 1963 na 12 Januari 1964 zikikaa kavu mtoto anadhani serikali moja ilichoka ikabadilisha kitambaa. Nionavyo ukuta wa barabarani na darasa vina kazi tofauti, ukuta uandike tarehe, Ticha abebe mengine.

Kwa shule ambayo fensi yake ni fupi na haiwezi kuweka mistari miwili, ningesema chora tatu tu: Tanganyika ya 1961 kushoto, Zanzibar ya mwisho wa Januari 1964 kulia, na ya Muungano katikati kubwa. Mjerumani na Mwingereza wabaki kwenye daftari. Bila mishale, na kwenye kila moja mchorwe mlingoti.